Udugu wa Njiani

Ziko nchi za kaskazini ambako maji ya mito huganda yakawa magumu kama sakafu, na theluji hufunika njia muda wa miezi. Katika nchi hizo wako watu ambao kila mwaka, baridi inapofika ukomo wake, huchukua baiskeli zao wakaingia msituni kushindana usiku na mchana. Huko Minnesota, katika Marekani, yako mashindano yaitwayo Arrowhead 135, yaliyoanza mwaka 2005. Njia yake ni maili 135, yaani kilomita 217. Huko Alaska yako mengine, Iditarod Trail Invitational, ambayo wenye kustahimili zaidi huenda hadi mji wa Nome, mwendo wa maili zipatazo 1,000.

Msomaji wa Ngara au wa Biharamulo akisikia habari hizi huenda akacheka na kuuliza: mtu mwenye akili timamu ataachaje moto wake akaende kulala juu ya barafu? Nasi hatukusudii kumtamanisha mtu baridi ya wenyewe. Tumeyataja kwa sababu ndani yake limo jambo ambalo watu wa nchi yetu walijua kabla ya kuletewa habari zake, nalo ni udugu wa watu walioko njiani.

Baiskeli zao si kama zetu. Tairi lake hupata upana wa inchi nne au tano, wala halijazwi upepo mwingi, ili lilale juu ya theluji lisizame. Kwenye usukani hufungwa mifuko minene ambamo mpandaji hutia mikono yake. Maji ya kunywa huyabeba ndani ya koti, karibu na mwili, kwani yakikaa nje huganda. Na adui wao mkubwa, ajabu, ni jasho: mtu akikaza mwendo akalowa, kisha akasimama, nguo zile mbichi humtoa joto lote la mwili. Kwa hiyo hodari miongoni mwao ni yule ajuaye kwenda polepole.

Kanuni za mashindano haya humtaka kila mtu ajitegemee. Arrowhead humlazimisha kila mshindani kubeba mfuko wa kulalia ufaao baridi ya nyuzi 29 chini ya sifuri, jiko dogo na mafuta yake, taa na filimbi. Haruhusiwi kufuatwa na gari la jamaa zake likimletea chakula cha moto. Ungedhani basi kwamba watu hawa hawana habari na wenzao. Sivyo. Katika njia kama ile, wa kwanza kukufikia si daktari wala askari, bali ni yule mshindani aliye nyuma yako. Ukianguka, uhai wako umo mikononi mwake, na uhai wake umo mikononi mwa anayemfuata. Ndipo watu waliokuja kushindana hujiona wamefungwa kamba moja, na wengi wao hurudi mwaka baada ya mwaka ili waonane tena na wale waliokesha nao.

Sehemu ya njia hiyo ya Alaska ina historia yake. Mwaka 1925 mji wa Nome ulipatwa na dondakoo, ugonjwa unaoziba koo za watoto. Dawa ilichukuliwa kutoka Nenana kwa magari yakokotwayo na mbwa juu ya theluji, mwendo wa maili 674. Watu wapatao 20 walipokezana, ikafika kwa muda wa siku tano na nusu. Hapana hata mmoja wao ambaye peke yake angaliweza kuifikisha kwa siku hizo.

Sasa na tutazame kwetu. Ngara haina theluji, walakini ina vilima virefu vinavyoelekea Rwanda na Burundi, ina ukungu wa alfajiri unaoganzisha vidole, na masika yakiingia udongo wake mwekundu huteleza kama sabuni. Ukishuka kwenda Nyakahura, Lusahunga na Biharamulo waingia nchi ya miombo, ambako zamani mtu aliweza kwenda mwendo mrefu asione nyumba, akifuatwa na mbung'o tu. Katika nchi hii baiskeli imekuwa ndiyo punda wa maskini. Imebeba ndizi, mkaa, madumu ya maji, wagonjwa, na maharusi pia.

Sisi tulipokuwa vijana tulikuwa wa safari hizo za ndizi. Baiskeli hufungwa mikungu minne au mitano kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani, ya pili husimamishwa nyuma ya kiti, nawe huisukuma kwa miguu kilima baada ya kilima, kwani ikishapakiwa haipandiki. Watu waliondoka jogoo la kwanza ili wawahi soko, na hapana aliyependa kuondoka peke yake.

Misafara hiyo ilikuwa na desturi zake, wala hazikuandikwa popote. Kwenye mpando mkali, wawili waliegesha baiskeli zao wakamsukuma wa tatu hadi kileleni, kisha wakarudi kwa ya pili, kisha kwa ya tatu. Kwa hiyo kila kilima tulikipanda mara tatu. Kwenye mteremko, aliyekuwa na breki mbovu alitangulizwa mbele, ili baiskeli ikimshinda asiwaangukie wenziwe. Pampu ilikuwa ya mmoja, viraka vya mwingine, gundi ya mwingine; na aliyepata pancha hakuuliza kama atangojwa. Akipungukiwa mtu na chakula, kiazi kilikatwa vipande kwa hesabu ya watu.

Usiku mmoja wa masika tulikuwa watu watano. Tulipokuwa katikati ya kilima, mwenzetu mmoja alianza kutetemeka kwa homa, magoti yakamlegea, baiskeli ikalala matopeni na ndizi zake. Soko lilikuwa likitungoja. Yeyote anayeijua biashara ya ndizi ajua kwamba wanunuzi wenye malori huja mapema, na jua likipanda, bei hushuka kila saa. Mkubwa wetu hakufanya baraza. Alifungua mikungu ya mgonjwa akaigawa juu ya baiskeli zetu nne, akamvika koti lake, akamkalisha juu ya baiskeli ile tupu, na wawili wetu wakamshika huku na huku hadi nyumba ya kwanza yenye taa. Tulifika sokoni malori yamekwisha ondoka. Ndizi zetu tuliziuza kwa wachuuzi kwa nusu ya bei, na fedha ya mgonjwa ilitolewa sawa na ya wengine. Kijana mmoja wetu alinung'unika njiani wakati wa kurudi. Mkubwa akamjibu: "Mgomba ukikatwa huchipua. Wewe umeona mtu akichipua?"

Neno hilo tumelitafakari miaka mingi. Udugu una kipimo, na kipimo chake ni kile unachokipoteza unaposimama. Anayesimama akiwa hana haraka amefanya wema, walakini bado hajapimwa. Mshindani wa kule kwenye theluji, akisimama kumwashia jiko mwenziwe aliyeshikwa na baridi, apoteza nafasi aliyoifanyia mazoezi mwaka mzima. Muuza ndizi hupoteza ada ya shule ya mtoto. Twaona basi kwamba wa kwetu alitoa zaidi, na hakuna aliyempigia makofi.

Wako wasomaji wenye umri wetu watakaokumbuka mwisho wa Aprili 1994, pale zaidi ya watu 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakakaa Benaco. Wengine walikuja wakisukuma baiskeli zenye mikeka, vyungu na wazee. Siku zile za mwanzo tuliwaona watu wa vijiji vyetu, ambao wenyewe hawakuwa na ziada, wakichukua madumu juu ya baiskeli kuwapelekea maji watu wasiojua hata majina yao. Mtu aliyezoea kusukuma baiskeli ya mwenziwe kilimani hahitaji kuhubiriwa siku ya msiba mkubwa. Mikono yake imekwisha jifunza.

Wala dini yetu haikumwacha msafiri. Amepunguziwa sala, ameruhusiwa kufungua katika Ramadhani kisha alipe, na katika mafungu manane ya wanaopewa zaka, msafiri aliyekatikiwa njiani ana fungu lake, hata kama kwao ni tajiri. Nao watu watatu wakisafiri, wamefundishwa wamweke mmoja wao kuwa kiongozi. Hayo yote yaonyesha kwamba njiani ni mahali ambapo mwanadamu hudhihirika udhaifu wake, na kwamba haki ya msafiri haimo katika kumhurumia tu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Pikipiki zimechukua mizigo mingi iliyokuwa ya baiskeli, na simu imo mfukoni mwa kila mtu. Twamshukuru Mungu kwa wepesi huo. Baiskeli nayo imepanda cheo: mwaka 2020 yalianza kwa jirani zetu mashindano ya Race Around Rwanda, ya kilomita zipatazo 1,000, ambayo kila mtu hubeba vyake, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wala tusimsahau Suleiman Kangangi wa Kenya, aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani, iliyowakusanya vijana wa Afrika Mashariki. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni huko Vermont, Marekani, na watu wa baiskeli wa mabara mengi walimlilia kama ndugu yao.

Walakini wepesi una hatari yake. Mwenye pikipiki hupita upesi mno hata asiuone uso wa aliyekwama. Mwenye simu husema moyoni, "Atapiga simu," akapita. Tumewaona vijana wakimpita mzee anayesukuma mzigo kilimani, huku wakimtupia matope. Hawana roho mbaya vijana hawa. Hawajapata kusukumwa, kwa hiyo hawajui kusukuma.

Basi, enyi wazazi, msiwape watoto wenu chombo bila desturi zake. Mnunulieni kijana baiskeli, na pamoja nayo pampu na viraka, mkamwambie kwamba pampu ile ni ya kila atakayemkuta njiani. Twajua kwamba msituni walikuwako wanyang'anyi, na mabasi yaliwahi kupita kwa ulinzi wa polisi. Kwa hiyo hatumwambii mtu asimame gizani peke yake kwa kila anayempungia mkono. Twamwambia asisafiri peke yake, na akiogopa kusimama, afike nyumba ya kwanza akaamshe watu, asilale kabla ya kujua yule aliyemwacha nyuma amefikaje.

Nanyi vijana, mkiwa mnapanda kilima kimoja kati ya vilima vyetu, mkaona mbele yenu mgongo umeinama juu ya mzigo, shukeni. Wekeni mkono nyuma ya mikungu ile msukume hadi kileleni. Salamu na majina mtaulizana huko juu, mkipumzika.