Barua kwa Mpwa Wangu wa Ruangwa

Nachingwea

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifika, na habari za ile injini ya ndege ya Gipsy Major uliyoletewa ndani ya sanduku la mbao nimezisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa hofu, kwa kuwa umeniuliza spana za kuifungulia zapatikana wapi, ilhali hukuniuliza itakaa juu ya nini wakati unapoifungua. Kwetu sisi mjomba akinyamaza mbele ya kosa la mpwa, kosa huwa lake. Kwa hiyo nivumilie.

Na sisi wa huku hatuna udhuru wa kutojua kwamba mahali pa kazi hutangulia mashine, maadamu tumekulia juu ya magofu ya mradi wa karanga, ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 kwa haraka ya ajabu, wakaleta mashine kabla ya karakana zake kutengenea, wakageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta, na huku bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea bado zinajengwa. Matrekta mengi yakalala porini kwa kukosa vipuri na mafundi, hata mwaka 1951 serikali yao ikaukatia tamaa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimekwisha kuteketea. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Sikuandikii haya kukuchekesha.

Sasa tuizungumze injini yenyewe. Hiyo ni ya silinda 4, yenye nguvu za farasi 130, ya jamaa ile ile iliyozirusha ndege za Tiger Moth, na ndugu yake mkubwa wa silinda 6 ndiye aliyeziendesha zile Dragon Rapide ambazo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianzia nazo kazi mwaka 1946. Ajabu yake ni kwamba imepinduliwa: krenki iko juu, na silinda zinaning'inia chini kama popo. Basi ukitaka kuzichomoa silinda, wataka zisimame juu ili zitoke wima bila kuzigonga pistoni. Na ukitaka kukifungua kifuniko cha nyumba ya krenki, wataka hicho ndicho kiwe juu. Uzito wake ni kilo zipatazo 140, na huwezi kuwaita vijana wanne kila saa waje waipindue juu ya magunia. Ndiyo sababu ya kiunzi cha kuzungushia, hicho mnachokiita stendi (nami nikisikia stendi huwaza mabasi tu).

Kabla hujakata chuma hata kipande, kitafute kwanza kitovu cha uzito wake kilipo. Itundike injini kwa sehemu moja, teremsha timazi kutoka kwenye ndoana, upige mstari wa chaki pale uzi unapopita. Kisha itundike kwa sehemu nyingine, upige mstari wa pili. Mistari inapokatana ndipo uzito wote ulipokusanyika, na hapo ndipo mhimili wa kiunzi chako yapasa upite. Ukiukosea kwa upana wa kiganja, injini itakuwa daima yatafuta njia ya kujigeuza yenyewe.

Nguzo zifanye za chaneli, si za bomba la maji. Kwa mhimili, habu mbili za lori bovu pamoja na beringi zake zatosha kabisa, na juu ya moja uchomelee sahani nene yenye matundu 8 ya kupitishia pini ya chuma kigumu, ya kuuzuia mhimili usizunguke. Hiyo pini, mwanangu, ndiyo habari yenyewe. Nilipokuwa mwanagenzi, katika karakana ambayo jina lake nalisitiri, pini ilipotea, nami kwa kuona haya kuiulizia nikachomeka msumari wa inchi sita. Injini ikaupinda kama utepe, ikajipindua kwa uzito wake, mpini wa kuzungushia kiunzi ukanipiga kifundo cha mkono, na mapezi matatu ya silinda yakavunjika mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo mkono wa kushoto hauwezi kukamua nguo.

Injini uifunge kwa miguu yake yenyewe, ile inayokaa ndani ya ndege, na kabla ya kukaza bolti upitishe karatasi ya sigara chini ya kila mguu: panapopita karatasi pana nafasi, na nafasi hiyo uizibe kwa bati jembamba, usiizibe kwa nguvu za spana, kwani nyumba ya krenki ni ya madini laini, nayo hupindika pole pole bila kulia.

Kisha ujaribu kazi yako. Ukifungie kiunzi mifuko 6 ya saruji, ambayo ni kilo 300, uiache ilale usiku kucha. Asubuhi upakaze mafuta ya taa kwenye kila mshono uliochomelea, uyafute pakauke, halafu upake chaki. Penye ufa, mafuta yatajichora juu ya chaki, mstari mwembamba mweusi. Mshono wa namna hiyo usiuongezee juu. Ukate, uanze upya, hata kama ni ule uliojivunia kuliko yote.

Nitakuja Ruangwa Jumamosi kwa gari la asubuhi. Niwekee timazi, chaki na lita moja ya mafuta ya taa, na hilo sanduku la mbao lisifunguliwe kabla sijafika.

Mimi mjomba wako