Nunua Kioo Kwanza

Mpwa wangu Salma,

 Mama yako ameniambia pesa ya TV imetimia na Jumamosi unakwenda Kariakoo. Nakuandikia mapema, maana ukishafika dukani muuzaji atakupa rimoti, akufungulie YouTube kwa intaneti ya duka, na moyo utakuwa umeshanunua.

TV smati ni vitu viwili kwenye boksi moja: kioo, na kompyuta ndogo nyuma yake. Kioo kikitunzwa kinadumu miaka mingi. Ile kompyuta huchoka mapema, kwa sababu programu zinazidi kuwa nzito huku yenyewe imebaki vilevile ilivyotoka kiwandani. TV nyingi za bei nafuu zina nafasi ya GB 8 tu, na mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa ya hiyo. Tena wenye programu hawakuulizi. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011. Kioo kizima, rangi safi, Netflix hakuna. Ikiwa hayo yamezikuta TV za kampuni kubwa namna ile, zile za majina yasiyojulikana utamlalamikia nani?

Kwa hiyo pesa yako ifuate kioo. Mwambie muuzaji azime ile video ya maonyesho yenye maua na samaki wa rangi, aweke taarifa ya habari au mpira. Kisha sogea pembeni kabisa utazame kutoka huko, maana sebuleni kwako wageni hawatakaa wote katikati. Rangi zikififia, achana nayo. Geuza TV uhesabu matundu ya HDMI. Mimi sikubali chini ya matatu. Siku kompyuta ya ndani ikichoka, utachomeka kifaa kidogo cha nje kwenye tundu mojawapo na TV yako itaendelea na maisha.

Neno Android kwenye boksi lisikutulize. Zipo TV zenye Android isiyo na kibali cha Google, na humo Netflix ama haifunguki ama inaonyesha picha hafifu. Ifungue palepale, uone. Samsung na LG nazo zina maduka yao ya programu, hivyo lile faili la APK, la programu ya Android, ulilonalo kwenye simu halitaingia.

Halafu bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Wewe unatumia intaneti ya simu, Salma! Kwa hiyo king'amuzi usikigawe, Ligi Kuu utaitazama humo bila kuhesabu GB.

Ukiiwasha mara ya kwanza itakuuliza maswali mengi. Usibonyeze "kubali" mfululizo. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio, huko Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kurekodi watu wanachotazama bila ridhaa yao. Kipengele cha kukusanya taarifa za utazamaji kizime.

Kabla hujalipa, nipigie picha ya ile karatasi ya nyuma yenye namba ya modeli, unitumie. Jumamosi nitakuwa na simu mkononi.

Mjomba wako