Maua Yasiyozaa Nayo Yana Kazi

Mimi ni mwalimu wa kujitolea, nafundisha sayansi darasa la tano. Leo nataka kuwaeleza habari ya maboga ya kwetu, maana kosa lilikuwa langu.

Nyuma ya nyumba mama alipanda mashina manne ya maboga, ili watoto wapate kitu cha kuongeza juu ya mgao. Yakatambaa vizuri, yakatoa maua mengi ya manjano. Nikaona maua mengine yana kikonyo kirefu tu, chini yake hamna kitu. Nikasema haya yanakula nguvu ya mmea bure. Kila jioni nikawa nayang'oa, hata kabla hayajafunguka.

Basi, viboga vikaanza, vikafika ukubwa wa limau, vikageuka njano na kuanguka. Kilibaki kimoja tu, nacho kimepinda upande. Kwa mama jirani, nyumba ya tatu, maboga yalikuwa yamejaa. Mama yangu akaanza kusema eti yule mama ana jicho baya. Salamu zikakatika. Hata bombani wakawa wanapeana mgongo, watu waliokimbia pamoja njia moja toka Fizi!

Siku moja darasani nilichora ua ubaoni. Nikaeleza kwamba chavua ni ule unga wa sehemu ya dume. Ukifika sehemu ya jike, ndipo mbegu na tunda vinaanza. Maharage yana dume na jike ndani ya ua moja, hujichavusha yenyewe. Mahindi hutumia upepo: unga wa juu unaangukia zile ndevu. Lakini boga lina ua dume peke yake na ua jike peke yake, na unga wake ni mzito, unanata, upepo hauubebi. Nyuki ndiye anaubeba.

Mtoto mmoja akainua mkono: "Mwalimu, na kama ua dume limeng'olewa, nyuki atabeba nini?"

Nilibaki na chaki mkononi. Kumbe mchawi wa maboga yetu nilikuwa mimi!

Jioni nilimwambia mama yote. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Basi wewe ndiye utakwenda kwake."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilibisha hodi kwa mama jirani. Nikaomba radhi, tena nikaomba maua dume mawili. Alicheka sana, akaja nayo mwenyewe. Tulitafuta maua jike, yale yenye kiboga kidogo chini yake, tukapaka ule unga katikati. Kazi hii ni ya asubuhi tu, kwa sababu ua la boga hufunguka alfajiri, ikikaribia saa sita limejifunga, na halifunguki tena.

Maboga matano yalikomaa. La kwanza mama alilipeleka mwenyewe nyumba ya tatu. Na lile lililopinda? Nadhani chavua yake, ingawa kidogo, ililetwa na nyuki kutoka kwa huyo huyo tuliyemsingizia.

Kwa hiyo wazazi, mkitaka kupika maua ya maboga, chumeni dume lakini mengine yabakizeni. Dawa ya wadudu msipulize asubuhi maua yakiwa wazi, mtaua nyuki. Na kabla ya kumshuku jirani, tuangalie kwanza mikono yetu wenyewe.