Hesabu ya Motakaa Kuukuu

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini wako watu ambao mithali hii haiwahusu hata kidogo. Kwao kinyemi ni kikuukuu, na kidonda chake huwa sehemu ya utamu. Watu hao hupatikana katika nchi nyingi. Walakini katika Uingereza ni wengi, na kitu wakipendacho aghalabu ni motakaa ndogo ya mbio, yenye viti viwili na paa la turubai, iliyoundwa walipokuwa wavulana au kabla hawajazaliwa. Huinunua ikiwa imechakaa, huitia katika banda la nyuma ya nyumba, na huazimia kuirudishia ujana wake. Akiulizwa sababu, mmoja husema kwamba anaipenda. Huyo hana neno. Mwingine husema kwamba anaweka akiba. Huyu wa pili ndiye anayestahili kuchunguzwa, maana ametaja hesabu, na atajaye hesabu hana budi kukubali kuhesabiwa.

Mfano ulio bora kwa uchunguzi huo ni motakaa iitwayo MGB. Ilianza kuuzwa mwaka 1962, ikiundwa katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, na uundaji wake ulikoma mwaka 1980, wakati kiwanda chenyewe kilipofungwa. Katika miaka hiyo 18 ziliundwa zaidi ya 500,000, na nyingi zilivuka bahari kwenda Marekani. Injini yake ina silinda 4 na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,798. Si injini ya ajabu. Jamaa zake wa karibu zilitumika katika motakaa za kawaida za kuchukulia watoto na mizigo. Hakuna siri ndani yake ambayo fundi mwenye subira hawezi kuifumbua kwa spana na taa ya mkononi. Vipuri vyake vinaundwa hata leo, na mtu huweza kuagiza karibu kila kitu, kuanzia gasketi hadi kitasa cha mlango. Basi, ikiwa iko motakaa kuukuu ya Ulaya ambayo yaweza kufufuliwa bila hasara, ingetazamiwa kuwa hii. Kwa sababu hiyo hukumu yake ina uzito. Jambo jepesi likimshinda mtu, lililo zito halitamwonea huruma.

Adui wa motakaa hii hakai katika injini. Anakaa katika bodi, na jina lake ni kutu. MGA, motakaa iliyoitangulia, ilikuwa na fremu ya chuma kizito chini, na bodi ikawekwa juu yake kama vazi juu ya mwili. Katika MGB vazi na mwili ni kitu kimoja. Nguvu yake imo katika mabati yaliyokunjwa na kuungwa pamoja, hasa katika mihimili miwili ipitayo chini ya milango. Maji ya mvua na chumvi imwagwayo barabarani kuyeyusha barafu huingia humo na kukaa. Mihimili hiyo ikiliwa, motakaa hulegea kiunoni, na milango hukwama kama milango ya nyumba iliyotitia. Muuzaji asiye mwaminifu huyajua hayo yote. Hupaka puti juu ya tundu, hupiga rangi juu ya puti, na kung'arisha rangi kwa nta. Mnunuzi huona wekundu unaometa. Angechukua sumaku ndogo na kuipitisha pale, ingemwambia kwamba chini ya wekundu ule hapana chuma. Mithali husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa mambo ni mabaya zaidi: aliyeacha ufa ni mtu mmoja, na atakayejenga ukuta ni mtu mwingine.

Tiba iliyo kamili ilipatikana mwaka 1988. Kampuni iitwayo British Motor Heritage ilianza kutoa bodi mpya kabisa za MGB, miaka 8 baada ya Abingdon kunyamaza, kwa msaada wa kalibu za asili zilizonusurika. Jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini bodi tupu ya namna hiyo siku hizi hugharimu zaidi ya pauni 10,000, kabla haijaguswa na tone la rangi wala kutiwa parafujo moja. Kwa fedha hiyo hiyo mtu huweza kununua MGB nzima, yenye injini yake na magurudumu yake, akaipanda na kwenda zake nyumbani.

Na ichukuliwe hali ya mwalimu mmoja wa kubuni, mwenye umri wa miaka 50, mke, watoto wawili, na nyumba ambayo paa lake limeanza kuvuja. Amenunua MGB iliyochakaa kwa pauni 4,000, na moyo wake unamwambia kwamba amepata rahisi. Kazi ya bodi na rangi inamshinda, anaipeleka kwa mafundi, nao wanachukua pauni 12,000. Vifaa vya injini na giaboksi ni pauni 4,000. Viti, turubai na vyuma vya kung'aa ni pauni 4,000. Breki, springi, matairi na nyaya za umeme ni pauni 3,000. Jumla ni pauni 27,000, na miaka 5 imepita. Motakaa sasa inapendeza, na majirani wanasimama kuitazama. Anakuja mnunuzi, anatoa pauni 15,000, wala hamdhulumu. Hiyo ni bei ya haki kwa MGB nzuri isiyo ya ajabu. Hasara ni pauni 12,000. Kama mwalimu alifanya kazi kwa mikono yake saa 1,000, basi kila saa aliyolala chini ya motakaa, kutu ikimwangukia machoni, amelipa pauni 12. Watu wengine hufanya kazi ili walipwe. Yeye amelipa ili afanye kazi.

Hesabu hii ina upande wa pili ambao husahauliwa. Kama mwalimu huyo angenunua motakaa iliyokwisha kutengenezwa, kwa pauni 15,000, siku ile ya kwanza, angekuwa na pauni 12,000 mkononi. Zikiwekwa mahali pa kuzaa asilimia 4 kwa mwaka, katika miaka 5 zingefikia karibu pauni 14,600. Angepata motakaa ile ile, miaka 5 ya kuiendesha badala ya miaka 5 ya kuitazama ikiwa imeinuliwa juu ya magogo, na paa la nyumba lisilovuja.

Watetezi wa motakaa kuukuu hawakosi majibu. Husema kwamba motakaa mpya pia hula fedha, tena bila kumfundisha mtu kitu. Yaweza kupoteza nusu ya thamani yake katika miaka michache, na hapana amwitaye mwenyewe mpumbavu. Jibu hili ni la kweli, lakini halithibitishi faida. Huthibitisha tu kwamba hasara ni za namna mbili. Husema tena kwamba sheria za Uingereza huzihurumia motakaa za zamani. Iliyotimiza miaka 40 haitozwi kodi ya barabara ya kila mwaka, na tangu mwaka 2018 nyingi za umri huo zimesamehewa ukaguzi wa lazima. Zaidi ya hayo, mtu akiuza motakaa yake binafsi kwa faida, faida hiyo haitozwi kodi. Hayo nayo ni kweli. Lakini sheria hiyo hiyo haimruhusu kupunguza kodi yake nyingine kwa hasara aliyoipata katika kuiuza. Huenda serikali inazijua motakaa kuliko wanaozipenda.

Jibu la tatu ndilo lenye hatari, kwa kuwa linatumia ukweli mkubwa kuficha udogo wa jambo. Hutajwa Ferrari 250 GTO, ambayo moja iliuzwa kwa mnada California mwezi wa Agosti 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48. Lakini motakaa hizo, zilizoundwa tangu mwaka 1962 hadi 1964, ni 36 tu, nazo zilipata jina kwa ushindi katika mashindano. Thamani yao haikuletwa na mtu aliyezisugua kutu bandani. Na hata katika ngazi hiyo ya juu, bei si ngazi ya kupanda tu. Enzo Ferrari alipofariki mwezi wa Agosti 1988, bei za motakaa zenye jina lake ziliruka kama moto wa makuti. Katika miaka michache iliyofuata zilianguka, na walionunua kwa fedha za mkopo wakabaki na motakaa iliyopungua na deni lisilopungua. Anayeitazama MGB yake na kuiona GTO ni sawa na mwenye jahazi dogo anayehesabu nauli ya meli.

Basi, hukumu ya hesabu ni moja: kufufua motakaa ya namna hii si akiba. Mtu huweza kushinda kwa bahati, kama vile mtu huweza kuokota fedha njiani, lakini hapana mwenye akili apangaye maisha kwa kuokota. Hata hivyo kosa si kutumia fedha. Fedha iliumbwa itumike, na mtu mzima ana haki ya kununua furaha yake. Mwanachuoni anunuaye vitabu kila mwezi hasemi kwamba anaweka akiba. Anajua kwamba siku ya kuviuza hatapata nusu ya alichotoa, na bado anavinunua. Kosa ni kuyaita matumizi kwa jina la akiba. Ukipenda, chongo huita kengeza, nayo ni hisani nzuri kwa mpenzi. Lakini daftari halijui hisani.

Jina hilo la uongo lina madhara, kwa sababu fedha ya nyumba ni mara chache kuwa ya mtu mmoja. Mke wa mwalimu yule akiuliza habari ya paa, hujibiwa, "Subiri, mke wangu, fedha haikupotea, imo bandani." Naye husubiri, maana ameambiwa kwamba anachosubiri ni mali yao wote. Kama angeambiwa kwamba mumewe anataka kutumia pauni 12,000 kwa ajili ya furaha yake, angeweza kukubali, au kukataa, au kumtaka apunguze. Neno akiba limemnyang'anya haki hiyo ya kuchagua. Hasara ya fedha huenda ikasahauliwa. Kuaminiana kulikopungua ndani ya nyumba hakuna kipuri chake dukani.

Upande wa pili haki itendeke. Kama watu wote wangefuata hesabu, MGB zingekwisha kusagwa zamani zikawa masufuria, na kijana wa leo asingeona jinsi motakaa ilivyoundwa kabla haijatawaliwa na kompyuta. Anayenunua kwa pauni 15,000 kile kilichogharimu 27,000 amerithi hasara ya mwenzake. Mafundi wa bati na wa ngozi wamepata riziki, na ujuzi wao haukufa. Mwalimu mwenyewe amejifunza kuisikiliza injini kama tabibu asikilizavyo kifua. Hayo yote ni mapato, lakini hayaandikwi katika safu ya pauni.

Kwa hiyo atakaye motakaa ya kuendesha na ainunue iliyokwisha kutengenezwa, na amshukuru kimoyomoyo aliyepata hasara kabla yake. Atakaye kazi ya kuitengeneza na aamue mapema ni fedha kiasi gani yuko tayari kuipoteza, aionyeshe kwa wenzake nyumbani, na aiandike chini ya matumizi kwa wino usiofutika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mali iliyoandikwa kwa jina lake, hata ikipotea, imepotea kwa ridhaa. Mtu huyo akienda bandani usiku na taa yake, hana sababu ya kuficha risiti.