Asali ya Nyuki Wadogo, Nachingwea hadi Ruangwa

Mwezi wa Julai Nachingwea huamka na baridi. Watu wa Lindi mjini, waliozoea joto la bahari, wakipanda huku hubeba makoti, na mama lishe wa karibu na stendi wanalijua hilo: birika la chai ya tangawizi liko jikoni kabla hakujapambazuka. Mji umekaa juu ya ardhi nyekundu, una miembe yenye vivuli vya kukaa watu ishirini, na mitaa mipana inayokumbusha mambo makubwa yaliyopita hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake wa karanga Kongwa, Urambo na hapa. Yaliletwa matrekta, ikajengwa reli ya kwenda pwani, pori likafyekwa. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na reli ikaja kung'olewa. Baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO wakafanya Nachingwea kambi yao ya mafunzo, wakiongozwa na Samora Machel, hadi Msumbiji ilipopata uhuru wake mwaka 1975.

Mimi nilifuata nyuki. Lakini huwezi kuondoka Nachingwea na tumbo tupu, watu hawakubali. Mama mmoja mwenye sinia la ming'oko alinifungia fungu kwenye gazeti, akaninyunyizia chumvi na pilipili bila kuniuliza. "Onja kwanza mwanangu, hela baadaye." Ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba na mirefu, ikishachemshwa unaimenya kwa vidole, na ndani ni myeupe, ya unga, yenye utamu unaokuja polepole. Nilikula nikiwa juu ya bodaboda, na vumbi nalo likapata sehemu yake.

Nje ya mji mikorosho inaanza, na haiishi. Mwezi huu inachanua. Maua yake ni madogo, ya rangi ya maziwa yenye wekundu kwa mbali, na harufu yake tamu inakupokea kabla hujaona shamba. Mahali pengine harufu hiyo inakatwa na ya salfa, kwa kuwa wakulima wanapulizia dhidi ya ubwiri unga alfajiri, upepo ungali umelala. Macho yanawasha kidogo. Kila mwenye bomba mgongoni tuliyempita aliinua mkono kutusalimu.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Kimwera, na mkewe alikuwa ameshatandika mkeka nilipofika. Nikaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za njiani, za baridi. Nilipogeuza macho kuelekea mizinga mzee akacheka. "Hawajaamka hao. Jua halijafika. Kunywa chai." Nyuki wadogo wasiouma hawapendi ubaridi, hutoka ukuta ukishapata joto. Basi tukakaa, muhogo wa kuchemsha ukaja, na hadithi.

Mizinga yake ni vipande vya magogo yenye uwazi, vimezibwa ncha kwa udongo na kuning'inizwa chini ya upenu wa nyumba, mahali watoto wanapocheza. Hakuna anayeogopa. Mwiba wa nyuki hawa umedumaa, hauwezi kuchoma. Ukiwaudhi sana wanakuingia nywelani na masikioni, wanakung'ata kidogo. Jua lilipogusa ukuta nikaona mrija mwembamba wa nta, mfupi kuliko kidole, ukitokeza kwenye gogo. Mdomoni mwake vichwa vitatu vyeusi vilikuwa vimepangana: walinzi. Mmoja akasogea, akatoka nyuki ambaye ukimwona mbali utamdhani kijinzi. Kisha mwingine. Baada ya muda hewa ya pale ilijaa vidoa vinavyometa, na waliorudi walikuwa na chavua ya manjano miguuni. Wengine walibeba ulimbo wa miti, ambao huuchanganya na nta kujengea nyumba yao yote.

Mzee alitoa udongo wa ncha moja kwa kisu. Ndani hamna masega kama ya nyuki wakubwa. Kuna vyungu vidogo vya rangi ya kahawia, vimeshikamana kwa mafungu, vingine vina asali, vingine chavua, na majana yako upande wake. Akachukua bomba la sindano, jipya, akalizamisha kwenye chungu kimoja na kuvuta taratibu. Matone machache akanidondoshea kiganjani. Asali hii ni nyepesi, inakimbia kama maji, na ina uchachu wa ukwaju nyuma ya utamu; kisha inabaki harufu ya ulimbo mdomoni kwa muda mrefu. Sijaonja kitu kizuri zaidi katika mkoa huu, na mkoa huu una vitu vizuri.

Bibi ndiye aliyenieleza jinsi wanavyohama. Familia ikijaa, vibarua hutafuta uwazi mwingine jirani, wakaanza kubeba nta na asali kutoka nyumba ya zamani, siku baada ya siku, kabla malkia kijana hajahamia. Malkia mzee hatoki, tumbo limemzidi, hawezi tena kuruka. "Ni kama sisi Wamwera," akasema. "Binti anajenga karibu na mama yake, na vyombo anavitoa jikoni kwa mama." Hapo nikaelewa kwa nini mzee anakasirika akisikia mtu ameangusha mti porini ili apate kikombe cha asali. Mti ukianguka malkia hana pa kwenda, na familia inaishia hapo. Duniani kuna aina zaidi ya 500 za nyuki hawa, wote wa nchi za joto. Hawaendi mbali na kwao, kwa hiyo mitondoro na miyombo iliyo jirani, mbaazi za shambani, na maua madogo madogo ya porini huchavushwa na wakazi walewale kila siku. Wanahitaji miti mizee yenye uwazi. Na matrekta ya mpango wa karanga yaliifyeka kwa maelfu ya ekari.

Mchana nilipata gari la Noah la kwenda Ruangwa. Tulibanana na magunia ya ufuta, na abiria wa nyuma yangu akanipakatisha mtoto wake bila kuniomba, nami nikampokea. Ruangwa ina vilima, ina madini ya kinywe, na ina timu ya Namungo: jezi zake zipo kila kona, na kinyozi aliyenielekeza hotelini alinipa kwanza msimamo wa ligi. Nilikula ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, mwenye hoteli akaniongeza mara mbili akisema mgeni hapimiwi.

Sokoni asali ya nyuki wadogo huuzwa kwenye vichupa, ghali kuliko ile ya nyuki wakubwa, na wengi huinunua kwa ajili ya kikohozi. Muuzaji alinifungia viwili, kisha akanyoosha mkono akalegeza kifuniko kimoja. "Ina maji mengi hii, inachacha. Ukiibana sana itaruka humo garini ichafue nguo za watu." Abiria wenzangu wa kwenda Nanganga walilisikia hilo, na njia nzima walikuwa wakinikumbusha, kila baada ya tuta, niangalie kifuniko.