Daftari la Siku Mbaya

Naugua ugonjwa ambao madaktari huuita MS: kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Miguu hufa ganzi, jicho la kushoto huingia ukungu. Kwa miaka mitatu naandika daftarini kila kinachotangulia siku mbaya: maharage, kukosa usingizi, mafua, ugomvi. Vyakula havijanionyesha kitu. Joto, ndiyo. Februari hapa Dar es Salaam jicho hufifia mpaka nioge maji baridi. Daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo hilo mwaka 1890. Mwaka 2022 watafiti waliopitia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 walikuta kwamba karibu kila aliyepata MS alitanguliwa na kirusi cha Epstein-Barr. Lakini watu wazima karibu wote tunacho, hata ninyi mnaokaa nami benchi moja.

Ndugu wa jumuiya wakija kuniombea huuliza nilimkosea nani, au nani kanitupia kitu. Swali la zamani hilo. Wanafunzi waliliuliza juu ya yule kipofu wa Yohana 9, na Yesu hakuwatajia mkosaji. Nawapenda ndugu zangu. Ila naomba waniombee bila kunipeleleza. Jumapili mtanikuta dirishani, chini ya feni. Mkisimama kuimba, mimi naimba nimekaa.