Dakika 11

Msimu wa 2008/2009 nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nje kidogo ya Hartford, jimbo la Connecticut. Kama una ndugu Marekani basi kazi yenyewe unaijua: kugeuza wagonjwa, kubadilisha mashuka, kupima presha, kujaza fomu. Zamu yangu ilianza saa tisa alasiri na kuisha saa tano usiku, na kwa kawaida ningeichukia. Lakini saa hizo ndizo mechi za kikapu za vyuo huchezwa, na mwaka ule kwenye runinga ya ukumbini alikuwepo mtu wa nyumbani.

Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21 kwenda juu, alikuwa mwaka wake wa tatu Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho kule kila mtu anakiita UConn. Kikapu alikianza akiwa na miaka kama 15, akapitia Houston kwenye shule ya sekondari, na sasa alikuwa amesimama katikati ya timu iliyokuwa inagombea namba moja Marekani nzima. Mimi niliyekuwa namalizia zamu kwa mgongo unaouma, nikimwona anapaa kuzuia mpira, mgongo ulikuwa unapona. Sitanii.

Pale ukumbini kulikuwa na mzee mmoja, shabiki wa UConn wa miaka mingi. Kila Hasheem akizuia mpira mimi nilikuwa naruka. Yeye haruki. Siku moja akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia nimeona bloku. Akasema, "Hiyo hata kipofu ameisikia. Mpira unadanganya. Angalia miguu ya wale tisa wasio na mpira."

Nikanunua daftari.

Mwanzoni nilikuwa naandika pointi tu, kama mtu yeyote. Mzee akanicheka. Akanionyesha kwamba pointi peke yake haisemi kitu mpaka ujue timu imeshambulia mara ngapi. Timu inayokimbia inaweza kufunga 80 katika mashambulizi 80. Inayotembea ikafunga 66 katika mashambulizi 60. Gazeti litaandika ya kwanza ni hatari kwa kufunga. Piga hesabu: ya kwanza inapata pointi 100 kwa kila mashambulizi 100, ya pili inapata 110. Ile inayotembea ndiyo kali. Baadaye nikagundua kuwa hesabu hizi zina wenyewe. Dean Oliver alikuwa ameshaandika kitabu kizima mwaka 2004, na Ken Pomeroy anapanga vyuo vyote kwa njia hiyo kila siku ya msimu. Oliver anasema mechi huamuliwa na mambo manne: unavyolenga, unavyopoteza mpira, unavyookota ribaundi, na unavyokwenda kwenye mstari wa faulo. Daftari langu likawa na safu nne.

Jambo la pili nililojifunza ni kutoiamini Novemba. Mwezi huo vyuo vikubwa huwaita vidogo nyumbani kwao na kuwafunga pointi 40. Hapo hujapima kitu. Ni sawa na kumsifu mtu kwa kumshinda mdogo wake kukimbia. Msimu unaanza kusema kweli Januari, vyuo vya ligi moja vikianza kutembeleana, na ligi ya Big East ya mwaka ule ilikuwa balaa. Kwenye mashindano ya Machi nafasi za namba moja huwa nne tu, na tatu zilichukuliwa na ligi hiyo: Louisville, Pittsburgh na UConn.

Tarehe 16 Februari 2009 Pittsburgh wakaja Hartford. UConn walikuwa namba moja nchini, na siku hiyo Hasheem alikuwa anatimiza miaka 22. Nilibadilishana zamu niiangalie vizuri nyumbani, na Watanzania wenzangu wakaja na pilau. Upande wa pili alikuwepo DeJuan Blair, mtu wa mita 2 hivi, mpana kama mlango wa godauni. Mapema tu, mikono yao ikanasana wakigombea ribaundi, Blair akainama, na Hasheem akapita juu ya bega lake kama gunia. Sebule nzima ikanyamaza. Mpaka mechi inaisha Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

Jamaa mmoja akasema wametuonea. Mimi nilikuwa na daftari mapajani. Usiku ule nilielewa maneno ya mzee kuhusu miguu. Kabla mpira haujagusa ringi, Blair alishachukua nafasi yake, nyonga chini, mgongo kifuani kwa Hasheem. Urefu wa Hasheem ulibaki juu hewani, bila kazi.

Lakini msimu hauamuliwi na usiku mmoja, na hapo ndipo utamu wa jambo lenyewe. Mwezi uliofuata, kwenye mashindano ya Big East pale Madison Square Garden, UConn na Syracuse walicheza mpaka muda wa nyongeza mara 6. Mechi iliisha saa saba kasoro, saa saba na ushee usiku, sikumbuki hata saa; ninachokumbuka ni matokeo: Syracuse 127, UConn 117. Ukiyasoma bila kujua, utasema hakuna aliyekaba. Kumbe dakika 40 za kawaida zilikwisha 71 kwa 71. Zilizobaki ni za dakika nyingine 30. Namba ilikuwa sahihi, maana yake ndiyo ilitaka kuulizwa.

UConn walifika nusu fainali ya taifa, Detroit, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Hasheem alimaliza msimu na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2. Ligi ikashindwa kuchagua mchezaji bora wa mwaka kati yake na Blair, ikawapa wote wawili. Mwezi Juni, NBA ilipochagua vijana, Memphis walimchukua Hasheem namba 2. Nililia. Mtanzania wa kwanza! Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry, kutoka chuo kidogo cha Davidson. Blair, yule mlango wa godauni, alisubiri mpaka namba 37, kwa sababu ya magoti yake.

Yaliyofuata mnayajua, na watu wamemcheka Hasheem kuliko anavyostahili. Mimi sicheki. Waliomchagua hawakuwa wajinga. Walipima kitu cha kweli mahali pasipo pake. Kwenye mchezo wa vyuo mlinzi mrefu anaruhusiwa kujenga kibanda chini ya ringi, akae humo akisubiri wanaokuja. NBA wana sheria ya sekunde tatu: kama humkabi mtu, ondoka. Kibanda chake kilibomolewa na sheria. Bloku 4.2 zilikuwa za kweli, na zilikuwa za pale.

Nimeeleza yote haya ili mjue nilikuwa mtu gani dada yangu aliponipigia simu mwaka 2014. Nilikuwa najiona mjuzi.

"Mdogo wangu," akasema, "mtoto wako ana mita 1.98 na bado anarefuka. Kuna wakala anasema anaweza kumpeleka Marekani, shule ya kikapu. Anataka hela. Nikiuza kile kiwanja cha Kigamboni inatosha. Wewe huko unaangalia hii michezo kila siku. Niambie ukweli. Niuze, nisiuze?"

Kiwanja hicho ndicho kitu pekee shemeji, Mungu amrehemu, alichomwachia. Nikamwambia nitumie video. Zikaja nne kwa WhatsApp, zilizochukuliwa na rafiki wa mtoto pembeni mwa uwanja wa saruji. Jumla yake dakika 11.

Nilizitazama jikoni baada ya kazi, na daftari langu, na safu zangu nne. Mpira haukumwangusha, mikono ilikuwa mizuri. Lakini miguu! Mizito. Anageuka kama lori. Kila ribaundi anachelewa nusu hatua. Nikamwona Blair akimpitisha begani. Asubuhi nikampigia dada: "Usiuze. Miguu haina. Mwache asome ufundi."

Akanishukuru. Hakuuza. Mtoto akasoma ufundi.

Mwaka jana nilikuwa likizo Dar. Huyo mtoto sasa ni mtu mzima, fundi viyoyozi, ana mke, na Jumamosi asubuhi anafundisha watoto kikapu bila malipo. Alinipokea vizuri, shikamoo anko, marahaba, soda baridi. Akanipeleka uwanjani. Watoto walipomaliza, wakubwa wakacheza mechi yao, naye akaingia. Nikakaa kwenye benchi la saruji, nikafanya ninachofanya siku zote: nikaacha kuangalia mpira.

Jamani, yule kijana ana miguu. Miaka 28, kitambi kinaanza, na bado anageuka kama mlango uliotiwa mafuta. Anafika kwenye nafasi yake kabla ya mpira, nyonga chini, mgongo kifuani kwa mwenzake.

Tulipokuwa tunarudi kwenye bajaji nilimuuliza, nikijifanya natania: mbona kwenye zile video ulikuwa mzito vile? Akacheka.

"Anko, zile raba nilikuwa nimeazima. Namba 44. Mimi navaa 48. Nilikuwa nimekunja vidole."

Halafu, bila hasira kabisa, akauliza: "Hivi anko, zile video ulizitazama mara ngapi?"

Mara moja. Dakika 11, mara moja, usiku, nimechoka.

Sikujibu. Nilisema kitu kuhusu foleni.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili, na sitaki kujipiga kifua wala kujikanyaga. Inawezekana jibu langu lilikuwa sahihi. Wakala yule simjui mpaka leo, na kiwanja kingeweza kwenda na mtoto asifike popote. Vyuo vya daraja la juu viko zaidi ya 350, na kila kimoja kina vijana warefu waliokaa benchi. Hesabu ilikuwa upande wangu. Dada mwenyewe anasema, "Kiwanja kipo, mtoto yupo, unataka nini tena?"

Ninachotaka ni hiki. Hasheem nilimpa mechi 36 kabla ya kusema neno, na hata hapo nilikosea. Timu ambayo sina undugu nayo huwa naisubiri mpaka Januari, kwa sababu najua Novemba inadanganya. Pomeroy mwenyewe, na hesabu zake zote, wiki za mwanzo bado anaegemea makadirio ya kabla ya msimu, kwa kuwa mechi chache hazitoshi kusema kitu. Mtoto wa dada yangu, damu yangu, nilimpa dakika 11 na sikuuliza hata swali moja. Ningeuliza tu, "Mbona miguu inaonekana inauma?" Swali la nauli ya simu.

Nadhani nilikuwa naogopa. Ukisema hapana haraka, hakuna atakayekulaumu kiwanja kikipotea. Daftari likanipa pa kujificha.

Msimu mpya umeanza na bado naangalia, bado naandika. Nimeongeza safu ya tano, ya mbele kabisa: nimemtazama dakika ngapi. Wengi bado wana namba ndogo, kwa hiyo pembeni yao sijaandika kitu.

Wiki iliyopita fundi wetu wa viyoyozi alinitumia video ya binti mmoja wa pale uwanjani, miaka 14, anayerusha kwa mkono wa kushoto. "Anko, unamwonaje?"

Nikamjibu nitumie mechi tatu nzima. Na uniambie amevaa raba namba ngapi.